Mstari Mweupe Katika Mgongo wa Dada Yangu

Kwikwi ya dada yangu ilianza kabla ya mvua za masika, na nilipoambiwa nilicheka. Shemeji ndiye aliyenipigia simu kutoka Mukurweini.

"Dada yako amekuwa na kwikwi siku nne," alisema. "Analala nayo, anaamka nayo. Akikula anatapika."

Nilimwambia ampe maji anywe polepole, na ikishindikana aende zahanati apewe dawa ya tumbo. Nilikuwa kazini, kuna mgonjwa aliyekuwa akivuliwa saa na mkufu, na sikutaka kuongea sana. Alipewa dawa ya vidonda vya tumbo. Baada ya wiki tatu hivi kwikwi iliisha yenyewe na sote tukaisahau.

Mimi hupiga picha za MRI katika hospitali moja mjini Nyeri. Si daktari. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa ndani ya ile sumaku kubwa, kumwambia asitikisike, kisha kukaa nyuma ya kioo nikiiongoza mashine hadi picha zitoke. Kuzisoma na kuandika ripoti ni kazi ya daktari wa picha, naye yuko mbali, anazipokea kwenye kompyuta yake. Lakini mtu akikaa mbele ya picha hizo miaka kumi na minne, macho yake hujifunza hata kama cheti chake hakisemi hivyo. Naziona habari mbaya kabla ya mtu yeyote, na sheria yetu ni moja: usimwambie mgonjwa ulichokiona. Nimekutana sokoni na watu walioendelea kunisalimia kwa uchangamfu, nami nilikuwa nimeona tayari kile ambacho wao wangekisikia wiki iliyofuata.

Dada alinizidi miaka kumi na mmoja. Tulizaliwa Wamagana, watoto wawili tu waliobaki. Nilipovunjika mguu nikiwa darasa la tatu, alinibeba mgongoni kwenda shule na kunirudisha, muhula karibu wote, na njia yetu ilikuwa na mlima wa kutisha wakati wa matope. Baadaye aliolewa Mukurweini, wakapata binti mmoja ambaye sasa ameolewa Karatina. Yeye na shemeji walikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, migomba na kahawa kidogo. Ng'ombe walikuwa wake. Shemeji vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi kukamua, kwa hivyo kila asubuhi na kila jioni dada ndiye aliyekaa kwenye kigoda akikamua.

Simu ya pili alipiga mwenyewe, mwezi mmoja baada ya kwikwi kuisha.

"Mtoto wa mama," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Niko na kitu ya ajabu. Nasikia kama nimefungwa leso hapa chini ya matiti, imekazwa sana. Ati hata nikitoa nguo zote, bado iko."

"Ulibeba majani ya ng'ombe?"

"Kila siku nabeba."

"Basi ni misuli. Pumzika siku mbili, ujipake dawa ya kuchua."

"Na miguu inawaka. Hasa hii ya kushoto."

"Pumzika," nilisema tena.

Nimeirudia simu hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kama mgonjwa nisiyemjua angeniambia maneno hayo mlangoni mwa chumba changu, ningejua kwamba mshipi wa namna hiyo hausababishwi na misuli, kwamba kuna kitu kimegusa mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Lakini aliyesema alikuwa dada yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiumwa, na nilimsikia kama anavyosikika mtu aliyechoka.

Siku tatu baadaye alianguka zizini. Shemeji alimkuta ameketi kwenye samadi, ndoo imemwagika, anajaribu kuisukuma miguu yake kwa mikono. Kufikia jioni hakuweza kukojoa. Walimleta Nyeri asubuhi kwa gari la jirani, akawekewa mpira wa mkojo, na daktari wa wodi, msichana mdogo aliyeongea kwa upole sana, akaagiza picha ya mgongo siku hiyohiyo.

Mwenzangu wa zamu ni mama Mwislamu mzaliwa wa mjini hapa Nyeri, tumefanya kazi pamoja tangu mashine hiyo ilipoletwa. Aliposoma jina kwenye fomu alinitazama.

"Nenda ukanywe chai," alisema. "Huyu nitampiga mimi."

"Nitampiga mwenyewe."

"Si vizuri."

"Najua si vizuri."

Hakubishana. Alimvua dada hereni na pini za nywele, akamkagua kama ana chuma chochote mwilini, akamshika kichwa taratibu tulipomhamisha kwenye meza. Mimi nilishika miguu. Ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine. Nilimbana kidole gumba cha mguu makusudi, kwa nguvu, nikamtazama usoni. Alikuwa akitazama dari.

Nilimpa kile kitufe cha mpira cha kubonyeza mtu akitaka kutolewa. "Itapiga kelele," nilimwambia, "kama nyundo kwenye bati. Usiogope."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Hapo nyuma ya kioo. Nakuona."

Picha za kwanza hutoka zikimwonyesha mtu kwa ubavu, kana kwamba amepasuliwa katikati. Mifupa ya mgongo hukaa kama matofali yaliyopangwa, na ndani, nyuma ya matofali hayo, hupita ile kamba laini ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Katika aina ya picha niliyoanza nayo, kamba yenye afya huwa ya kijivu na maji yanayoizunguka huwa meupe. Kitu cha kwanza nilichotazama ni mifupa. Shemeji alikuwa ametibiwa TB miaka miwili iliyopita, na TB ya mgongo hapa kwetu tunaijua: hula mifupa, hukunja mgongo, huacha usaha pembeni. Mifupa ya dada ilikuwa safi. Nilifurahi kwa muda wa kama pumzi mbili.

Kisha nikaona kamba yenyewe. Ilikuwa imevimba, na katikati yake mlikuwa na mstari mweupe. Nilihesabu mifupa iliyopitiwa na mstari huo, nikafika saba, nikahesabu upya nikitumaini nimekosea. Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniwekea mkono begani.

Tulimdunga dawa ya kung'arisha picha, tukarudia. Mstari uling'aa vipande vipande. Pale ndipo palipokuwa pakiwaka.

Tulipomtoa, alikuwa ameshika kitufe kwa mikono miwili. Hakuwa amekibonyeza.

"Mtoto wa mama," aliuliza, "umeona nini?"

"Picha zimetoka vizuri," nilisema.

Ilikuwa kweli kwa namna ya kazi yetu. Hakutikisika hata kidogo, picha zilikuwa safi kuliko za wagonjwa wote wa wiki hiyo. Alishusha pumzi, akatabasamu, akamwambia mwenzangu, "Huyu nililea mimi." Alirudishwa wodini akiwa na furaha niliyompa kwa uongo.

Ripoti ilifika alasiri. Ilisema nilichokuwa nimeona, kisha ikaorodhesha yanayoweza kuleta mstari wa namna hiyo. Na hapo ndipo nilipoelewa mpaka wa ile mashine ambayo nimeitumikia ujana wangu. Inaonyesha mahali palipo na moto. Haisemi ni nani aliyeuwasha. Huenda ni mdudu, huenda ni kinga ya mwili yenyewe imekosea na kuishambulia kamba kama adui. Na dawa za mambo hayo mawili zinapingana. Kama ni kinga, unampa mgonjwa dawa kali ya kuituliza, haraka, kabla mishipa haijafa. Kama ni mdudu, na hasa TB, dawa hiyohiyo ikienda peke yake inaweza kumfungulia mdudu mlango.

Daktari wa wodi aliniketisha kwenye benchi nje ya chumba cha wauguzi. "Mume wake alikuwa na TB," alisema. "Siwezi kulipuuza hilo. Na umesema aliwahi kuishi Mwea?"

"Alipanda mpunga huko msimu mmoja kabla ya kuolewa. Miaka mingi imepita."

"Alikuwa anaingia kwenye maji?"

"Wote wanaingia kwenye maji."

Akaandika kichocho pia, kwa kuwa mayai ya kichocho nayo yanaweza kufika mgongoni. Alimtoa dada maji ya mgongo kwa sindano yakapimwe. Damu ikapimwa virusi, ikawa safi. Maji yalionyesha dalili za uvimbe lakini hayakuonyesha mdudu, na kipimo kingine cha TB kilikuwa cha kusubiriwa kwa wiki kadhaa. Daktari aliwasiliana na wakubwa wake. Wakaamua aanzishiwe dawa za TB, na ile dawa kali ya kutuliza kinga isubiri. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo.

Tulisubiri siku tisa. Ganzi ilipanda kutoka kiunoni hadi kifuani. Nilimtembelea kila mchana na aliniomba nimpigie shemeji simu amuulize habari za ng'ombe. Shemeji aliajiri jirani wa kukamua, ng'ombe mmoja akawa anampiga teke, na hilo lilimsumbua dada kuliko miguu.

"Hajui kumwongelesha," alisema. "Huyo ng'ombe anataka kuongeleshwa kwanza."

Siku ya tisa daktari aliagiza picha ya kichwa. Niliipiga mimi tena. Ubongo ulikuwa safi kote, isipokuwa doa moja dogo, kama punje ya mchele, kule chini nyuma, ambapo ubongo unageuka kuwa kamba ya mgongo. Sikujua maana yake. Nilituma picha, na baada ya saa moja daktari wa picha akanipigia simu, jambo ambalo hulifanya mara chache sana.

"Huyu mgonjwa ni jamaa yako?"

"Ni dada yangu."

"Samahani kukuuliza. Aliwahi kuwa na kwikwi isiyoisha? Au kutapika wiki nyingi bila sababu?"

"Wiki tatu," nilisema. "Na kila akila, alikuwa anatapika."

Alinieleza kwa utaratibu. Kuna ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya macho na kamba ya mgongo, na kwa watu wengine huanza hapo kwenye doa hilo, mahali panapoamuru kutapika na kwikwi. Ile kwikwi haikuwa ya tumbo. Ulikuwa ni ugonjwa wenyewe umebisha hodi, na kati ya hodi hiyo na siku alipoanguka zizini ilikuwepo miezi miwili.

Jioni hiyo walimtundikia dripu ya dawa kali, siku tano mfululizo. Damu yake ilipelekwa Nairobi, na kutoka huko ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yalipokuja yalithibitisha. Dawa za TB zikaachishwa.

Siku ya nne ya dripu kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Shemeji alikuwepo, alikiona, akavua kofia. Tulikaa watu watatu tukikitazama kidole hicho karibu dakika nzima. Hakikucheza tena siku hiyo, na ukweli ni kwamba hakikufanya lolote la maana baada ya hapo. Nilimuuliza daktari kama zile siku tisa ndizo zilizomaliza miguu.

"Mapema ni bora," alisema. "Lakini hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa uhakika."

"Wewe unaonaje?"

Aliangalia mikono yake. "Naona siku tisa ni nyingi," alisema. "Na miezi miwili ni mingi zaidi."

Dada alirudi Mukurweini kwa kiti cha magurudumu, kwenye nyumba yenye vizingiti vya saruji kila mlango na uwanja wa mteremko. Shemeji alivivunja vizingiti kwa nyundo na vile vidole vyake. Nilikuwa naenda Jumapili baada ya ibada. Dada alijifunza kumenya viazi amejifunga kwenye kiti kwa leso ili asianguke mbele. Alisukumwa hadi zizini kila jioni akaongee na yule ng'ombe, jirani akikamua. Alipata kidonda makalioni, nilikisafisha mwenyewe nikafika hadi mfupa, na yeye hakusikia chochote. Alikuwa akinisimulia habari za harusi ya jirani.

Alimeza vidonge vya kutuliza kinga kila siku bila kukosa. Watu hupenda kusikia kwamba mgonjwa aliacha dawa, ili wapate sababu. Hakuacha. Mwezi wa nane tangu alipoanguka, jicho la kushoto liliuma alipoligeuza, na baada ya siku mbili likazimika. Alipewa dripu tena. Wiki tatu baadaye likafuata la kulia. Kisha akasema mikono inakuwa mizito, na sauti yake kwenye simu ilikuwa na pumzi fupifupi, kama ya mtu aliyepanda mlima.

Nilimpiga picha kwa mara ya tatu. Mwenzangu hakunishauri nikanywe chai. Mara hii dada hakuweza kukibana kitufe, kwa hivyo mwenzangu aliketi ndani karibu naye, amemshika mguu, ingawa mguu huo haukuwa na habari, na alipogundua akahamisha mkono wake hadi kwenye bega.

Mstari ulikuwa umepanda. Ulikuwa umeingia shingoni, mweupe, mnene, juu kabisa, mahali inapotoka mishipa inayoendesha kupumua. Nilizima taa ya meza, nikakaa. Kisha nikaingia chumbani, tukamtoa.

"Mtoto wa mama, umeona nini?"

Macho yake yalielekea upande ambao sikuwepo. Nilihamia upande huo ili yanielekee. Mwenzangu alikuwa amesimama hapo hapo, na sheria tulikuwa tunaijua wote wawili.

"Imepanda shingoni," nilisema.

"Ni mbaya?"

"Ni mbaya. Inakaribia mahali pa kupumua. Watataka kukulaza chumba cha wagonjwa mahututi, wakuwekee mashine ipumue kwa niaba yako. Na dripu tena."

"Dripu itarudisha?"

"Zile mbili hazikurudisha kitu."

Alifikiri. "Na ile siku ya kwanza, ulikuwa umeona?"

"Nilikuwa nimeona."

"Nilijua," alisema. "Ulisema ati picha ni nzuri, na ulikuwa unaongea kama vile ulikuwa unaongea ukiwa mdogo umevunja kitu. Sikutaka kukusumbua." Alipumua mara kadhaa kabla ya kuendelea. "Nirudishe nyumbani."

Nilitaka abishane. Nilitaka aniulize kwa nini, anilaumu kwa simu ile ya leso, aseme siku tisa, aseme miezi miwili. Hakusema. Daktari wa wodi alikuja, akamweleza yote upya vizuri kuliko mimi, akamwomba akubali dripu angalau. Alikubali dripu kwa heshima, siku tano, na haikuleta lolote. Mashine ya kupumua aliikataa, akarudia jibu hilohilo kila alipoulizwa, na shemeji alisimama mlangoni akasema wamfuate anavyotaka.

Aliishi siku kumi na mbili nyumbani. Nilichukua likizo. Tulimlaza ameinuliwa kwa mito, dirisha wazi, kwa sababu alisema chumba kina hewa kidogo, ingawa hewa ilikuwepo tele. Nilitumaini jambo fulani litatokea katika siku hizo, maneno fulani, lakini alikuwa anatumia pumzi zake zote kupumua na hazikubaki za kuongea. Alikufa karibu saa sita mchana, jirani akiwa anapita uwanjani na mzigo wa majani. Shemeji alikuwa jikoni akichemsha uji ambao hakuna aliyekuja kuunywa.

Tulimzika chini ya migomba kwenye shamba lao. Mhubiri alisema Mungu ana mpango. Nilimheshimu, nikatazama udongo. Mwenzangu alikuja kutoka Nyeri amejifunga mtandio mweupe, akakaa na wanawake wa kanisa kwenye benchi la nyuma, nao wakamsogezea nafasi.

Nilirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Tangu hapo, mtu akifika na ganzi ya miguu mimi humuuliza kama aliwahi kuwa na kwikwi, ingawa si kazi yangu kuuliza. Karibu wote husema hapana. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alisema ndiyo. Nilikimbia mimi mwenyewe hadi wodini na fomu yake mkononi, na daktari akaanza dripu siku hiyo. Baada ya miezi michache niliambiwa yeye pia hatembei.

Shemeji aliwauza ng'ombe, akahamia Karatina kwa binti yao. Nilikwenda mara moja kuikagua nyumba. Majani yalikuwa yameota zizini, marefu, kufika kiunoni. Nilikuwa nimebeba panga ili niyafyeke, lakini nilisimama tu hapo kwa muda, kisha nikafunga lango kwa waya na kurudi Nyeri.